Kijana wangu anaingia Form Four Januari na sisi tunahamia Uingereza: aje nasi au abaki amalize?

#1 MamaEliya
Habari za jioni wakuu. Nimepata kazi ya unesi kwenye hospitali ya serikali huko Kent, Uingereza, na natakiwa kuripoti katikati ya Januari 2026. Viza inaruhusu mume na watoto. Watoto ninao watatu. Wa kwanza wa kiume yuko bweni, Form Three, na Machi anatimiza 16. Wa pili binti, yuko la tano, katimiza 10 mwezi wa kumi. Kitinda mimba ana miaka 3, Juni anafikisha 4.

Kinachoninyima usingizi ni huyu mkubwa. Msimamo wangu ni abaki kwa mama yake mdogo, afanye mtihani wa Form Four Novemba, ndipo atufuate. Mtihani wa taifa hauachwi njiani. Baba yao hataki kusikia, anasema familia ikipanda ndege inapanda yote. Nyie mliotangulia, nani yuko sahihi?

#2 Kipanga_wa_Iringa
Nenda naye. Shule za serikali kule hazitozi ada kwa mtoto ambaye wazazi wana viza halali ya kazi. Usitishwe na yale maandishi kwenye viza kwamba huna haki ya fedha za umma, shule haihesabiwi humo. Sasa unamwacha ili ulipie bweni huku?

#3 NesiBirmingham
Hongera sana dada. Kipanga, kuhusu ada uko sawa, ila tatizo lenyewe hujaligusa. England mtoto anapangiwa darasa kwa umri, hawaangalii alipofikia kwao. Waliozaliwa kati ya 1 Septemba 2009 na 31 Agosti 2010 mwaka huu wa shule wako Year 11, na huo ndio mwaka wa GCSE, mitihani yao ya kumaliza sekondari ya kawaida. Mtoto wa Machi 2010 yumo humo. Akitua Januari, mitihani inaanza Mei. Wenzake wameanza silabasi hiyo tangu Year 10, na fasihi ya Kiingereza wameshasoma vitabu vyote vya mtihani. Kumshusha darasa shule nyingi hazitaki, na mara nyingine zinakwambia hazina nafasi Year 11 kabisa.

Hatari yake ni kwamba anakosa vyote viwili: Form Four hajafanya, na GCSE hajaziwahi. Hapo MamaEliya ana hoja.

#4 Dogo_Mbagala
Jamani si walishafunga watu kwenda na familia tangu 2024? Shangazi yangu alikwama hapo hapo.

#5 NesiBirmingham
Dogo, hiyo ni kwa wahudumu wa kutunza wazee na wagonjwa. Wao walizuiwa kuleta wategemezi kuanzia 11 Machi 2024, na mwaka 2025 Julai wakaacha kabisa kuajiri wahudumu wapya kutoka nje. Wanafunzi nao walizuiwa kuanzia Januari 2024, isipokuwa wachache, kama wa shahada za utafiti. Nesi aliyesajiliwa anaruhusiwa mume na watoto, na kwenye viza ya afya hawalipi ile tozo ya matibabu ambayo wengine wanatoa pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima.

#6 Mwalimu_Mstaafu
Nimefundisha sekondari maisha yangu yote ya kazi na namuunga mkono mama. Form Four ni cheti kamili. Kijana mwenye C nzuri za CSEE, yaani mtihani wa Form Four, anaeleweka Uingereza, kwa sababu wanazilinganisha na GCSE. Mtoto aliyekatishwa katikati hana cha kuonyesha zaidi ya ripoti za mihula. Mpeni miezi hiyo, afanye mtihani Novemba 2026, matokeo yatoke Januari 2027, Septemba aanze A-level (Form Five na Six za kule) akiwa na karatasi mkononi. Kuna ubaya gani?

#7 Kipanga_wa_Iringa
Ubaya ni kwamba kijana wa miaka 16 anabaki bila baba wala mama katika mwaka mgumu kuliko yote, Mwalimu.

#8 Wakili_wa_Makaratasi
Naongeza jambo ambalo halijasemwa, na kwangu ndilo kubwa. Mtoto anayefuata baadaye lazima aombe viza kabla hajatimiza miaka 18. Huyu anatimiza 18 Machi 2028. Akifanya Form Four Novemba 2026 akaomba mapema 2027, yuko salama. Lakini nawajua ndugu zetu: matokeo yakitoka mazuri, mtu atasema "kapangiwa shule nzuri ya Form Five, amalizie tu". Form Six anafanya Mei 2029 akiwa na miaka 19. Hapo njia ya kuja kama mtoto wa mwenye viza imefungwa, abaki kuomba kama mwanafunzi wa kigeni.

Jambo la pili, kama wazazi wote wawili mtakuwa Uingereza, maombi yake baadaye hayana utata. Ila kama baba atabaki naye Tanzania, wataanza kuuliza kwa nini mtoto anakwenda kwa mzazi mmoja wakati mwingine yupo. Pangeni hilo mapema.

#9 MamaEliya
Wakili, hilo la miaka 18 sikuwa nimelipigia hesabu hadi Form Six. Asante. Kwa hiyo mwisho wa kusubiri ni Form Four tu.

#10 Mtoto_wa_Moro
Mama, mimi nilikuwa huyo kijana. Wazazi walikwenda Marekani nikiwa Form Two, nikabaki kwa baba mkubwa Morogoro "kwa muda". Sikunyanyaswa, nilikula vizuri, ada ililipwa. Nilifaulu. Lakini siku za kutembelewa bweni nilikuwa nasingizia nina kazi ya kufua ili nisikae pale langoni nikiangalia wenzangu. Nilipowafuata, wadogo zangu walikuwa wanaongea Kiingereza cha huko na baba, wanacheka vitu nisivyovielewa. Leo nina shahada na kazi nzuri na sina kinyongo. Ila mnapopiga hesabu za vyeti, hilo nalo liwekeni mezani, kwa sababu mtoto hatalisema mwenyewe.

#11 Binti_Luton
Na mimi nililetwa nikiwa na 15, Year 10 katikati. Pole kaka wa Moro, lakini nisikilizeni upande wa pili. Kiingereza cha sekondari ya kwetu nilikuwa nacho, ila lafudhi ya walimu iliniacha kabisa. Hisabati nilikuwa mbele yao, sayansi sawa, historia na fasihi sifuri. Nilipata GCSE chache, nikaingia koleji na kurudia Kiingereza huku nasoma BTEC, kozi ya ufundi. Marafiki walichukua muda. Lakini jioni nilikuwa narudi nyumbani, mama ananiuliza nimekula nini. Nisingebadilisha.

#12 Mwalimu_Mstaafu
Binti, wewe uliletwa Year 10, ulikuwa na mwaka mzima na zaidi mbele yako. Huyu anapelekwa Year 11 imebaki miezi minne. Hali hazifanani.

#13 NesiBirmingham
Kuna njia ya tatu ambayo wengi hawaijui. Koleji nyingine zina kozi ya mwaka mmoja ya GCSE kwa wenye miaka 16 hadi 18 waliofika karibuni au waliokosa alama. Kijana anafika Januari, anaingia Year 11 kwa miezi hiyo kuzoea lugha na mazingira, labda anafanya mtihani wa Hisabati tu. Septemba 2026 anaanza huo mwaka mmoja koleji, anafanya GCSE tano au zaidi Mei 2027, na Septemba 2027 anaanza A-level. Akiwa chini ya miaka 18 na yuko na wazazi wenye viza, koleji haimtozi.

Sasa angalieni tarehe. Njia ya Mwalimu inamfikisha A-level Septemba 2027. Njia hii nayo inamfikisha A-level Septemba 2027. Anayebaki hatangulii na anayekwenda hachelewi.

#14 Wakili_wa_Makaratasi
Hoja hiyo namba 13 ingewekwa juu kabisa ya uzi.

#15 Mwalimu_Mstaafu
Nimeisoma mara mbili na ni nzuri. Lakini je, hiyo kozi ipo Kent, kwenye mji anaokwenda? "Koleji nyingine" si kila koleji. CSEE ipo kwa hakika, tarehe inajulikana, kituo kinajulikana.

#16 NesiBirmingham
Kweli Mwalimu, ndiyo maana anatakiwa aziandikie koleji sasa hivi, kabla ya kuamua. Na nawe jibu hili: England asiyekuwa na daraja la 4 (ufaulu wa kawaida) la GCSE ya Kiingereza na Hisabati analazimika kuendelea kusoma masomo hayo mpaka amalize elimu ya 16 hadi 19. Koleji moja itapokea C ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), nyingine itasema arudie. Nimeona yote mawili katika mji mmoja. Na Hisabati ya Form Four inawaangusha wengi. Akipata D huko kwenu, akija anaanza GCSE ya Hisabati upya hata kama kamaliza.

#17 Dogo_Mbagala
Mwalimu na Nesi mnakabana kama Simba na Yanga, sisi tuko jukwaani tunanufaika. Endeleeni.

#18 Wanjiru_Coventry
Salamu kutoka kwa jirani Mkenya. Nyinyi Watanzania mna bahati moja: Form Six yenu vyuo vingi vya hapa vinaitazama karibu na A-level. KCSE yetu, mtihani wa mwisho wa sekondari, haitoshi kuingia mwaka wa kwanza kwenye vyuo vingi, wanakudai mwaka wa msingi kwanza, na karo yake si mchezo. Kwa hivyo Mkenya hana sababu ya kumwacha mtoto nyuma amalize Form Four, heri aje mapema. Wangu wa pili alitoka kwenye mtaala mpya wa umilisi, na shule haikuuliza alikuwa gredi gani, iliuliza tarehe ya kuzaliwa tu. Ila mkiwaza kurudi nyumbani, fikirini sana. KCPE, mtihani wa darasa la nane, ya mwisho ilifanywa 2023, mfumo wote umegeuka, na mtoto aliyetoka na mfumo wa zamani harudi pale alipoachia.

#19 MamaEliya
Asanteni mno, sikutegemea majibu mazito hivi. Sasa nisaidieni upande wa chuo kikuu. Huyu akimaliza A-level 2029, analipa kama Mwingereza? Yeye anataka uhandisi.

#20 Kipanga_wa_Iringa
Ukikaa miaka mitatu analipa kama mwenyeji. Jirani yangu alifanya hivyo.

#21 Wakili_wa_Makaratasi
Kipanga, hapana, na hili linaumiza watu kila mwaka. Miaka mitatu ya kuishi ni sharti moja. Sharti jingine ni kuwa na ukaazi wa kudumu siku kozi inapoanza. Viza ya kazi ya mzazi si ukaazi wa kudumu. Jirani yako huenda alikuwa ameshaupata.

Kwa mwaka wa masomo 2025/26 mwenyeji England aliwekewa ada isiyozidi pauni 9,535, tena anakopeshwa na serikali. Mgeni wa uhandisi mara nyingi anatajiwa zaidi ya pauni 20,000 kwa mwaka, na mkopo hapati. Chuo kina hiari ya kumtoza kidogo, kwa hiyo kuuliza si aibu, lakini usipange maisha juu ya hiari ya mtu.

Kwa kanuni za 2025 ukaazi wa kudumu unaombwa baada ya miaka 5. Ukifika Januari 2026 ni Januari 2031. Kijana anamaliza A-level 2029, kwa hiyo anaangukia ada ya mgeni kwa njia yoyote mliyoijadili. Mei 2025 serikali ilitoa mapendekezo ya kuufanya muda wa kawaida uwe miaka 10. Yakikugusa, hata binti wa la tano, ambaye chuo ni Septemba 2034, anaweza kukutwa. Kuna njia nyingine kwa watoto waliokulia kule muda mrefu, ila ina masharti yake ya umri na miaka.

#22 MamaEliya
Mungu wangu. Pauni elfu ishirini ni zaidi ya nusu ya mshahara wangu wa mwaka.

#23 Fundi_Aberdeen
Hamia Uskoti dada. Huku mkazi analipiwa ada ya shahada ya kwanza na serikali ya Uskoti. Shahada ni miaka minne, mitihani yao inaitwa Higher, na shule zinafungua Agosti katikati.

#24 NesiBirmingham
Fundi, mdhamini wake ni hospitali ya Kent. Hawezi kuamka asubuhi akahamia Uskoti, lazima apate mwajiri mwingine mwenye leseni na abadilishe viza. Na huko nako kuna masharti ya ukaazi kabla serikali haijalipa. Si vibaya kuliwaza kwa baadaye, lakini lisimpe raha ya uongo leo.

#25 Mchagga_wa_Stuttgart
Kama kijana ana kichwa cha uhandisi, aangalie Ujerumani baada ya A-level. Vyuo vya serikali katika majimbo mengi havitozi ada ya masomo hata kwa mgeni. Jimbo langu la Baden-Württemberg linatoza wasio wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha München nacho kimeanza kutoza wageni. Kizuizi ni ile akaunti ya kufungia pesa ya kujikimu, ambayo mwaka 2025 ilikuwa euro 11,904 kwa mwaka, na Kijerumani, kwa sababu shahada za kwanza nyingi ni kwa Kijerumani. A-level zake zichaguliwe vizuri, Hisabati na Fizikia zisikosekane.

Ila wenye watoto wadogo msidhani huku ni mteremko. Katika majimbo mengi mtoto anachujwa baada ya darasa la nne, huyu Gymnasium, njia ya kwenda chuo kikuu, yule Realschule, sekondari ya kati. Mtoto wa miaka 10 aliyefika juzi bila lugha anapangiwa njia kabla hajafungua mdomo. Kupanda baadaye kunawezekana, lakini mzazi anahangaika.

#26 Mwalimu_Mstaafu
Na mbona hakuna anayetaja kurudi UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam? Ada kwa Mtanzania ni milioni moja na kitu kwa mwaka. A-level ya Uingereza inapelekwa NECTA kupata ulinganifu, kisha anaomba kama wengine. Mhandisi wa Mlimani anafanya kazi popote.

#27 Binti_Luton
Mwalimu, nakuheshimu sana, lakini mtoto umemtoa, umemzoesha baridi miaka mitatu, kisha unamrudisha peke yake kwa sababu ya ada? Na akikaa nje ya Uingereza muda mrefu, hesabu yake ya ukaazi inaweza kuharibika.

#28 Mwalimu_Mstaafu
Nimemtolea mfano wa kitu anachoweza kukimudu. Pauni elfu ishirini kila mwaka hazijui heshima.

#29 Mama_Ashford
Nahamisha mada kidogo niwaonee huruma hawa wadogo wawili, maana mmewasahau. MamaEliya, mimi niko Kent.

Binti wa la tano ataingia Year 5. Kent bado wana shule za grammar, za kuchaguliwa kwa mtihani. Usajili wa mtihani huo unafunguliwa Juni na kufungwa mwanzoni mwa Julai, akiwa bado Year 5, na mtihani wenyewe ni Septemba akianza Year 6. Usiposajili Julai hakuna wa kukukumbusha. Wahindi na Wanigeria wa mtaani kwetu wanaanza kuwaandaa watoto mapema sana. Maombi ya sekondari yote, grammar na zisizo grammar, mwisho ni 31 Oktoba.

Kitinda mimba anaanza darasa la awali Septemba 2026, na mwisho wa maombi ni 15 Januari. Wewe unafika katikati ya Januari! Siku ya kwanza ukiwa na anwani, ingia kwenye tovuti ya halmashauri. Ukichelewa watampa nafasi, lakini huenda ikawa shule ya mabasi mawili. Mpaka Septemba ana haki ya saa 15 kwa wiki za chekechea bila malipo, kama watoto wote wa miaka 3 na 4, viza haijalishi. Zile saa 30 ndizo zenye masharti. Akianza shule, chakula cha mchana ni bure mpaka Year 2.

#30 MamaEliya
Mama Ashford ubarikiwe. Tarehe hizi nimeziandika ukutani.

#31 Kipanga_wa_Iringa
Hizo grammar nazipinga. Mtoto wa miaka 10 ametoka Kiswahili anaingizwa kwenye mtihani wa mafumbo ya maneno ya Kiingereza miezi minane baada ya kufika? Mwache apumue.

#32 Mama_Ashford
Wangu alifanya akashindwa, yuko shule ya kawaida na anaendelea vizuri. Simshauri alazimishe. Nasema ajue mlango upo na unafungwa lini.

#33 Bi_Mkubwa_Muscat
Asalaam aleikum. Na huku Ghuba msisahau kusimulia. Oman shule za serikali ni Kiarabu kitupu, kwa hiyo mgeni anaishia shule za kulipia: za Kihindi zenye mtaala wa CBSE ndizo nafuu, za Kiingereza na Kimarekani ndizo ghali. Swali la kwanza kwa mwajiri ni kama analipa ada, na ya watoto wangapi. Wengine wanalipa ya wawili tu, na wa tatu ni wako. Angalau Kiswahili hakipotei, Muscat wazee wetu wamejaa, mtoto anakisikia dukani na msikitini. Huko Kent nani atakisema nao?

#34 Wanjiru_Coventry
Bi Mkubwa umegusa kidonda. Wangu mdogo ananielewa kila kitu na kunijibu Kiingereza. Yule mkubwa tulimtafutia mtihani wa IGCSE ya Kiswahili ya Cambridge kama mtahiniwa binafsi, akapata alama nzuri ikaongezeka kwenye cheti chake. Kijana wa Form Three angeufanya bila jasho. Ulizeni kituo kinachopokea watahiniwa binafsi, si vyote.

#35 Mtoto_wa_Moro
Samahani kurudi nyuma. MamaEliya, kijana mwenyewe anasemaje? Tumefika 35 hajaulizwa.

#36 MamaEliya
Nimempigia matroni jana akaniunganisha naye. Nilimweleza njia zote mbili, ya Nesi na ya Mwalimu, na kwamba zote zinafikia Septemba 2027. Akanyamaza, kisha akauliza kama kule kuna maabara ya fizikia ya kufanya majaribio kila wiki, na kama wadogo zake watalala chumba kimoja naye. Mwisho akasema, "Mama, mtihani naweza kufanya popote." Baba yake kafurahi. Mimi bado naogopa Year 11. Nimeziandikia koleji tatu, moja imejibu inayo kozi ya mwaka mmoja lakini inataka kumfanyia usaili wa Kiingereza na Hisabati akishafika, haiahidi nafasi.

#37 Mwalimu_Mstaafu
Haiahidi nafasi. Ndicho nilichokuwa nakisema.

#38 NesiBirmingham
Hakuna koleji inayoahidi kabla ya usaili, Mwalimu, hata kwa mtoto mwenye CSEE.

#39 Wakili_wa_Makaratasi
Kwa vyovyote mtakavyoamua, viza yake ombeni pamoja na ya wengine sasa. Akipata anaweza kuingia na kukaa, na kama mtaona abaki hadi Novemba, zungumzeni kwanza na anayewashughulikia viza juu ya tarehe za kuingia. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA lilingane herufi kwa herufi na pasipoti, naona familia nyingi zinakwama kwa "Elia" na "Eliya". Chukua ripoti zake za Form One hadi Three zenye mhuri, matokeo yake ya Form Two, na barua ya mkuu wa shule inayotaja masomo anayosoma na vitabu alivyomaliza. Shule za kule hazijui silabasi yetu, zitasoma hiyo barua.

#40 Baba_Kigoma
Wakuu nimefika sasa hivi, nimesoma uzi wote. Mimi nakwenda Kanada na wangu yuko Form Five PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Nifungue uzi mpya au niulize humu humu?